Likasi inaposomeka DNVOHN

Septemba 1961, wakati Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville, askari wa Ayalandi wa Umoja wa Mataifa, karibu 155, walizungukwa na jeshi la Katanga. Mapigano yalianza tarehe 13. Tarehe 17 walijitoa, maji na risasi vimewaishia. Siku zile walisema kwa redio na wakubwa wao wa Elisabethville, na mara nyingine walitumia Kiayalandi, lugha ya kwao, sababu walijua kuna masikio mengine. Mwenye kuwasikiliza kwa siri alipata sauti yote, maana hakuipata.

Mashine nazo zinaweza kukosana vile, hata kama hakuna anayeficha kitu.

Mwaka wa 1874 Mfaransa Émile Baudot alileta njia ya kutuma kila herufi kwa alama tano, moja nyuma ya ingine: umeme upo au haupo, 1 au 0. Donald Murray aliipanga upya mwaka wa 1901, na kutoka hapo ikatokea alfabeti ya teleksi ya dunia nzima. Ndani yake L ni 01001. Mpokeaji akihesabu alama ya kwanza kuwa ya mwisho, anapata 10010, na hiyo ni D. LIKASI inatoka DNVOHN. KATANGA inatoka VOEOIJO. Ndivyo ilivyo pia ukisoma utepe wa karatasi wenye matundu huku umeugeuza nyuma mbele, ndiyo maana matundu madogo ya kuuvuta hayakuwekwa katikati: upande mmoja yanabakiza matundu mawili, upande mwingine matatu.

Watu wengi hapo wanalaumu waya, mvua au kurani. Lakini waya mbaya unaharibu ovyo: sasa A inakuwa F, kisha kidogo inakuwa Z. Kosa la mpangilio halibadiliki. Kila A ni O, kila O ni A, mwanzo hadi mwisho. Na tena R, C, Y na Z zinabaki salama, kwani alama zao ni sawa kutoka pande zote mbili. R ni 01010. Ukiona R nzima katikati ya fujo, acha waya, geuza mpangilio kwenye programu ya kusomea.

Kompyuta za leo hazijaacha shida hiyo. Mlango wa kawaida wa serial unaanza na biti ndogo, lakini vifaa vingi vya SPI vinaanza na kubwa. A, yaani 65, ikigeuzwa inakuwa 130.

Herufi zikiharibika, angalau macho yanashtuka. Tarakimu ndizo za kuogopa. Katika teleksi 4 na 6 hazibadiliki, lakini 3 na 5 zinabadilishana nafasi. Orodha ya waliohama ikitumwa na watu 53, upande wa pili wanahesabu 35, na vyakula vinapakiwa vya watu 35.