Kunakili Saraka na Hatima ya Lugha: Historia ya Zana za Kuundia Programu kwa Mtazamo wa Kampala

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kazi moja ndogo katika uundaji wa programu za kompyuta, yaani kunakili saraka pamoja na vilivyomo ndani yake. Kwa kutumia mfano wa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika nchini Uganda, makala inaonesha kwamba kanuni za kunakili huchangia kuamua ni lugha ipi itakayomfikia mtumiaji. Inapendekeza kwamba utekelezaji wa sera ya Kiswahili ufuatiliwe hadi kwenye kanuni hizo.

1.0 Utangulizi

Kabla ya uchapaji kuenea katika upwa wa Afrika Mashariki, maandishi ya Waswahili yalidumu kwa mikono ya wanukuzi. Tendi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu huko Pate, Lamu na Mombasa zilisalia kwa sababu kulikuwa na watu walioketi wakazinakili. Ubeti alioupitiwa mnukuzi uliwapotea pia wasomaji waliotegemea nakala yake.

Programu ya kompyuta ina hali inayofanana na hiyo. Ni mkusanyiko wa mafaili yaliyopangwa katika saraka: msimbo, picha, fomu na matini za kila lugha. Mtumiaji hapokei saraka za mtayarishaji zenyewe, bali hupokea nakala iliyokusanywa na zana ya kuundia programu. Kisichonakiliwa hakimfikii.

2.0 Kutoka Make hadi Maven

Mwaka 1976, Stuart Feldman wa Bell Labs nchini Marekani alitunga zana iliyoitwa Make. Zana hiyo hulinganisha wakati faili la asili lilipobadilishwa na wakati faili lililotokana nalo lilipoundwa, kisha hurudia kazi pale tu inapohitajika. Hata hivyo, Make haikuwa na amri yake yenyewe ya kunakili saraka. Kazi hiyo iliachiwa amri za mfumo endeshi, hivyo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Unix hayakufaa moja kwa moja katika Windows.

Tatizo hilo lilishughulikiwa na Ant, zana iliyoanzishwa na James Duncan Davidson alipokuwa Sun Microsystems na kutolewa kama zana inayojitegemea mwaka 2000. Kwa kuwa iliandikwa kwa Java na ilibeba amri yake ya kunakili, maelekezo yaleyale yaliweza kutumika katika mifumo mbalimbali. Mtayarishaji hutaja saraka ya asili, saraka ya kupokea, na vigezo vya mafaili ya kujumuisha au kuacha. Pamoja na hayo, Ant ina mazoea yake: hairudii kunakili faili ambalo nakala yake si ya zamani kuliko asili, huruka baadhi ya mafaili hata bila kuagizwa, na haihifadhi ruhusa za mafaili ya Unix. Mazoea hayo yana sababu za msingi, lakini asiyeyajua anaweza kudhani kwamba nakala yake imekamilika ilhali haijakamilika.

Maven, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2004, ilipunguza haja ya kutoa maagizo. Vilivyomo katika saraka maalumu ya rasilimali hunakiliwa kwa mujibu wa desturi ya zana yenyewe. Maktaba za msimbo nazo hupakuliwa kutoka hifadhi kuu iliyoko mtandaoni. Dhana iliyojificha katika utaratibu huo ni kwamba intaneti ipo daima.

3.0 Kampala na Gharama ya Nakala

Dhana hiyo haikulingana na mazingira ya Kampala. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985, lakini Uganda, nchi isiyo na pwani, ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti hadi nyaya za baharini zilipofika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009. Kila maktaba iliyopakuliwa ilikuwa na gharama yake. Hata baada ya nyaya kufika, uhakika haukukamilika. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Maven huweka nakala ya kila ilichopakua katika diski ya mtumiaji na inaweza kufanya kazi bila mtandao. Kwa hiyo, katika siku kama hizo, aliyekuwa na akiba ya nakala aliweza kuendelea, na asiyekuwa nayo alilazimika kusubiri.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika afya ya umma. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 ikiwa na mizizi katika huduma za VVU huko Eldoret, Kenya. Iliundwa kwanza kwa Ant, baadaye kwa Maven. Juu ya msingi huo ulijengwa mfumo wa UgandaEMR, unaotumika katika vituo vya afya nchini Uganda na ambao hufungwa katika seva ya kituo chenyewe. Saraka ya fomu ikiachwa wakati wa kuunda toleo, pengo hilo husafiri pamoja na toleo hadi kituo cha mbali, ambako muuguzi hana namna ya kulijaza.

4.0 Lugha Inayopotea Kimya

Matini za lugha katika programu za namna hii huwekwa katika mafaili ya pekee, faili moja kwa kila lugha. Faili la msimbo likikosekana, uundaji husimama na kosa hutangazwa. Faili la Kiswahili likikosekana, hakuna kinachosimama. Programu hurejea kwenye faili la msingi, ambalo kwa kawaida ni la Kiingereza, na kazi huendelea kana kwamba hakuna kilichopungua.

Historia ya Kiswahili nchini Uganda inalipa jambo hili uzito. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Matamko hayakukosekana. Kilichopungua mara kwa mara ni vyombo vya kuyafikisha kwa wananchi: vitabu, walimu, na sasa mafaili.

5.0 Hitimisho

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, mikataba ya mifumo ya serikali itamke kwamba uundaji wa programu usimame iwapo saraka ya Kiswahili haipo au ina pengo, kama unavyosimama msimbo unapokosekana. Pili, taasisi za elimu ya juu zitunze nchini hifadhi ya maktaba za msimbo ambazo mifumo ya umma inazitegemea. Tatu, wataalamu wa lugha washirikishwe katika ukaguzi wa toleo lililokamilika, si katika tafsiri pekee. Tafsiri nzuri iliyobaki katika kompyuta ya mtayarishaji haimsaidii mgonjwa wala muuguzi.