Kazi ya kivuli

Kazi ya kivuli ni zoezi la kujichunguza ambalo mtu hulitumia kuzikabili hisia alizozikana au kuzificha, kama hasira, aibu na wivu. Dhana ya kivuli, yaani upande huo wa nafsi uliofichwa, ni ya Carl Jung (1875–1961), daktari wa akili wa Uswisi. Kwa wanawake Weusi wa Marekani, zoezi hili hulenga hasa taswira ya mwanamke shupavu asiyelia wala kuomba msaada, yenye mizizi katika utumwa na ubaguzi wa rangi. Hufanywa kwa kuandika shajara, kwa tafakuri au kwa mazungumzo na mshauri nasaha. Kabla halijaenea mitandaoni, mwandishi bell hooks alikwishajadili uponyaji wa wanawake hao katika kitabu chake *Sisters of the Yam* (1993), akiuhusisha na mapambano ya kisiasa, jambo ambalo miongozo mingi ya sasa ya zoezi hili huliacha.