Stesheni zisizosalimiana

Najua nimeadimika, lakini leo nimerudi na deni.

Mwezi uliopita nilikuwa hapa stendi ya Babati nasubiri basi la Dodoma. Mzee mmoja anayeuza kahawa akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mwandishi. Hivi huko kwa wazungu treni wanazipitisha chini ya ardhi za nini?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba juu kumejaa. Akatikisa kichwa. "Basi si wangehamisha mji?" Basi likafika, nikaondoka bila jibu la maana.

Nimechimba kidogo, na nilichokipata kinatuhusu sana sisi.

Metro ya kwanza duniani ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863. Kabla ya hapo, kila kampuni ya reli ilikuwa na stesheni yake pembezoni mwa jiji: Euston ilifunguliwa 1837, Paddington 1838, King's Cross 1852. Mwaka 1846 tume ya serikali ilishauri reli zisiruhusiwe kupenya hadi katikati. Kwa hiyo msafiri alishuka kwenye treni, akabeba mizigo yake na kupanda gari la farasi kwenye foleni. Ndipo wakafukua mtaro barabarani, wakalaza reli na kuufunika, kutoka Paddington hadi Farringdon, ukipita karibu na Euston na King's Cross. Injini zilikuwa za makaa ya mawe, humo humo chini, na moshi wake. Watu walipanda hivyo hivyo.

Umeona? Metro haikuzaliwa kwa sababu watu walipenda mashimo. Ilizaliwa kwa sababu stesheni zilikuwa hazisalimiani.

Paris nao walifungua ya kwao 1900, lakini kwa ujanja mwingine: jiji lilijenga mahandaki membamba makusudi, ili kampuni kubwa za reli zisije kuingiza treni zao na kuiteka. Moscow, 1935, walitandaza marumaru na kutundika taa kama za ikulu. Ila mimi walionigusa ni Kairo. Metro yao, ya kwanza Afrika, ilianza 1987. Walikuwa na reli mbili za zamani, moja ya Helwan upande wa kusini na nyingine ya El Marg kaskazini, kila moja ikiishia mahali pake mjini. Walichofanya ni kuchimba handaki katikati na kuziunganisha. Safari mbili zikawa moja.

Sasa turudi kwetu. Mjerumani alianza reli ya Tanga 1893, na ile ya kati akaianzia Dar es Salaam 1905. Ya kati ilifika Kigoma 1914. Ya Tanga ilifika Moshi, na Mwingereza akaifikisha Arusha 1929. Unajua reli hizo mbili ziliunganishwa lini ndani ya nchi? Mwaka 1963, kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Waliozianzisha walikuwa wameshaondoka zamani, na waliowafuata pia.

Kisha ikaja TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Upana wake ni milimita 1,067, ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Ya Mjerumani ni milimita 1,000. Zinakutana Kidatu, lakini hata hapo mzigo ni lazima uhamishwe. Milimita 67 tu, wadau! Mwaka 2012 Dar ilipopata treni ya mjini, ile tuliyoiita ya Mwakyembe, zilikuwa treni mbili kwenye reli mbili: moja Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine TAZARA hadi Mwakanga. Ya huku haikuweza kuingia kwenye reli ya kule.

Na sasa tuna SGR, milimita 1,435, inayotumia umeme, Dar hadi Dodoma tangu 2024. Nimeipanda na sitaki kuwa mnafiki: ni raha. Kilomita 160 kwa saa, kikombe cha chai hakitikisiki. Lakini hesabu mwenyewe: nchi moja, reli za upana wa aina tatu.

Babati hatuna hata mmoja. Mji wetu ulikua juu ya barabara kuu ya kwenda Kaskazini, na ni barabara iliyotuunganisha na treni: lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa 2018. Nilishuka stendi ya Dodoma na begi langu, nikatafuta bodaboda ya kunipeleka stesheni. Mwendesha bodaboda alikuwa anaendesha huku anapiga soga, mimi naangalia saa. Nilipata treni kwa dakika chache sana. Pale ndipo nilipomwelewa msafiri wa London wa 1850 na gari lake la farasi.

Nilipofika Dar nikasimama kuitazama stesheni ya SGR. Jengo limepewa umbo la tanzanite, na tanzanite inachimbwa Mererani, mkoani kwetu Manyara. Nikajisikia fahari, kisha nikacheka peke yangu. Jiwe letu limefika stesheni kabla yetu.

Kwa hiyo mzee wangu wa kahawa, shikamoo. Jibu lako ni hili: wanachimba ili anayeshuka treni moja asihangaike kuitafuta nyingine. Sisi hatuhitaji kuchimba kwanza. Basi moja tu linalotoka stendi hadi stesheni kwa saa za treni lingenitosha.

Wewe mdau, huko uliko stendi na stesheni zinasalimiana? Nieleze.