MPISHI ALIYEWANYIMA KUKU WALI WA JESHI, DUNIA IKAPATA VITAMINI

Jina lake hatulijui. Daktari aliyetusimulia habari zake hakulitaja. Tunachojua ni kwamba alikuwa mpishi wa hospitali ya jeshi, tena mnoko kwelikweli, na unoko wake umechangia leo ukute neno "vitamini" kwenye pakiti ya unga.

Twende Java, Indonesia ya leo, miaka ya 1880. Waholanzi ndio watawala, na ugonjwa wa beriberi unapukutisha wanajeshi na wafungwa. Miguu inakufa ganzi, inavimba, mtu anashindwa kusimama, mwisho moyo unagoma. Zama hizo madaktari walikuwa wamenogewa na habari za bakteria, kila ugonjwa wanautafutia kijidudu chake. Daktari Christiaan Eijkman akawekwa kwenye maabara ya Batavia, yaani Jakarta, akisake hicho kijidudu.

Akafuga kuku wa majaribio. Mwaka 1889 kuku wakaanza kuyumba na kuanguka, miguu haina nguvu. Cha ajabu, hata wale ambao hawakuchomwa kitu chochote nao wakaugua. Halafu miezi kadhaa baadaye, bila dawa, ugonjwa ukaisha wenyewe. Eijkman akabaki kajishika kichwa.

Akaulizia chakula, ndipo umbea ukatoka. Mtu wa maabara alikuwa anabana matumizi: anachukua mabaki ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, anawapa kuku. Kisha akaja mpishi mpya. Huyu akakataa katakata: kuku wa raia hawali mchele wa jeshi! Ikabidi wanunuliwe mchele wa bei rahisi, ule ambao haujakobolewa. Wakapona.

Eijkman akarudia jaribio kwa makusudi. Wali mweupe, kuku wanaugua. Wakichanganyiwa pumba za mpunga, wanainuka. Mwaka 1896 mkaguzi wa afya, Adolphe Vorderman, akazunguka magereza 100 na ushee ya Java kuangalia wafungwa wanakula nini. Penye mchele mweupe, aliugua mfungwa 1 kati ya 39. Penye mchele wenye ganda lake la ndani, 1 kati ya kama 10,000. Hapo fikiria: watu walikuwa wanakufa kwa kula kile kilichoonekana kizuri zaidi, cheupe, kilichotoka kwenye mashine za kisasa za mvuke.

Eijkman mwenyewe alidhani wali una sumu na pumba ndiyo dawa yake. Mrithi wake, Gerrit Grijns, mwaka 1901 akaweka sawa: sumu hakuna, kuna kitu kimepungua. Mwaka 1912 Casimir Funk, akiwa London, akakipa jina: vitamini. Na mwaka 1926, kulekule Batavia, Jansen na Donath wakakitoa kitu chenyewe kwenye pumba za mpunga. Ndiyo vitamini B1, au thiamini. Mwaka 1929 Eijkman akapewa Nobel. Mpishi? Hata asante hakupata.

Sasa kwa nini B1 inaisha haraka hivyo mwilini? Kwa sababu ni ya kundi la vitamini zinazoyeyuka kwenye maji: vitamini C na familia nzima ya B. Ukiitoa B12, ambayo ini huitunza kwa miaka, nyingi kati ya hizi mwili hauna stoo kubwa ya kuziweka. Zikizidi, unazikojoa. Akiba ya B1 ni ya wiki chache tu, na ndiyo inayosaidia kugeuza wanga kuwa nguvu. Kwa hiyo ukishindilia wanga mtupu, unaihitaji zaidi huku huiingizi. Na kwa vile zinayeyuka, ukichemsha mboga ukamwaga maji yake, umemwaga na vitamini.

Turudi mezani kwetu. Dona tumeiita chakula cha bweni, sembe nyeupe pee ndiyo ya mgeni. Mashine inapokoboa mahindi, ganda na kiini vinaondoka na sehemu kubwa ya vitamini B. Tunaziita pumba, na mtu akiongea upuuzi tunasema anaongea pumba. Halafu tunampa nani? Kuku! Kule Java kuku walipewa wali mweupe wakapooza, huku kwetu kuku anakula vitamini, sisi tunabaki na weupe.

Simaanishi ukila sembe utapooza. Ukiwa na maharage, samaki, karanga na mboga, B1 unaipata humo, na kuna unga unaorudishiwa virutubisho kiwandani. Na dona nayo isiwe ya mahindi yenye ukungu, sumukuvu haina utani. Hatari ni sahani nyeupe tupu, kila siku, kwa mtu asiye na namna nyingine. Ndivyo walivyokuwa wale wafungwa, ambao nao hakuna anayewakumbuka majina.

Kwenu mnapika dona au sembe? Na pumba zinaenda wapi? Funguka hapo chini.