Barua ya Leonardo: ile ilikuwa CV au resume?

Tangazo linasema "tuma resume". Wewe una CV ya kurasa saba. Unaituma hivyo hivyo? Kabla hujabonyeza, twende kwanza Milan, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1480.

Leonardo da Vinci, wakati huo ana miaka kama 30, anaomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Rasimu ya barua yake ipo mpaka leo, imehifadhiwa humo humo Milan. Sasa ona alichoandika. Huyu ni mchoraji, kafundwa kwenye karakana ya Verrocchio kule Florence. Lakini hoja zake, tena kazipanga kwa namba, zinaanza na madaraja mepesi ya kubebeka, ya kumfukuzia adui au kumkimbia. Zinafuata mbinu za kukausha maji ya handaki la ngome, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa, njia za kuchimbwa chini kwa chini bila kelele. Uchoraji? Uko mwishoni kabisa pamoja na uchongaji, utadhani ni nyongeza. Hakutaja hata picha moja aliyokwisha kuichora. Na kama bosi ana shaka, yuko tayari kufanya jaribio mbele yake.

Miji ya Italia ilikuwa haiishi kupigana, na Leonardo alijua anamwandikia nani.

Hiyo ndiyo resume. Neno ni la Kifaransa, maana yake muhtasari: unachagua yale tu yanayomhusu anayeajiri. Curriculum vitae ni Kilatini, yaani mwendo wa maisha, na humo unaweka yote. Marekani wanaishikilia sana tofauti hii. Kampuni inataka resume ya ukurasa mmoja au miwili. Chuo kikuu kinataka CV yenye machapisho, makongamano na kozi ulizofundisha, nayo hurefuka kadiri unavyozeeka kazini. Uingereza, hata ile fupi huitwa CV. Kichekesho ni kwamba Wafaransa wenyewe, wenye neno lao, nao huandika CV!

Sisi tulimrithi Mwingereza. Matangazo ya ajira serikalini Tanzania huomba maelezo binafsi yanayojitosheleza na wadhamini watatu, resume huisikii. Kwa hiyo shida huanza unapoomba nje. Ukipeleka kurasa saba kwa kampuni ya Marekani, tena zenye picha, dini na hali ya ndoa, umeweka mambo ambayo waajiri wengi kule hawataki hata kuyaona, wakihofia kesi za ubaguzi. Ukipeleka ukurasa mmoja kuomba nafasi ya uzamivu, tasnifu yako ya uzamili umeificha mwenyewe.

Leonardo alimtumikia Sforza hadi 1499. Kazi yake ya miaka hiyo inayojulikana kuliko zote ni picha ya ukutani, Karamu ya Mwisho.