Bunduki, Mshale na Mwano

Mwaka uliopita nimesikia ubishi mwingi kuhusu bunduki huku kwetu Shinyanga na Geita. Kijiweni, stendi, hata msibani, maongezi yakigusa ujambazi lazima atokee mmoja aseme: "Serikali ingeruhusu kila mwenye nyumba awe na bunduki yake, haya mambo yangekwisha." Wa pili atataja Marekani, ambako haki ya raia kushika silaha iliingizwa katika Katiba tangu 1791. Wa tatu atajibu kuwa bunduki hizo hizo zitatumalizia watu kwenye ugomvi wa mashimo na mashamba. Hapo sauti zinapanda na chai inapoa.

Mimi mwaka huo nilikuwa nahangaika na riwaya yangu ya kwanza, na kwa ajili yake nikaanza kufuatilia historia ya jambo hili. Ndugu msomaji, niliyoyakuta yamenifanya nione kuwa jamaa wote watatu wanabishania kitu kisicho chenyewe.

Kwanza, bunduki si mgeni kwetu. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilileta magobole na baruti kutoka pwani. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, alijenga dola kubwa kwa nguvu ya vijana wake, rugaruga, waliobeba bunduki. Aliyekuwa nazo alitawala njia. Asiyekuwa nazo alichomewa kijiji. Kisha 1890 mataifa makubwa yakakubaliana kule Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kukomesha biashara ya utumwa, lakini wao wenyewe waliendelea kuja na za kwao. Januari 1893 Wajerumani walipoivamia ngome ya Mtemi Isike pale Tabora, Isike alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani.

Baada ya hapo bunduki ikawa kitu cha serikali, na raia akaitaka kwa kibali. Uhuru haukuubadili utaratibu huo. Sheria ya silaha ya 1991, na ile ya 2015 iliyoichukua nafasi yake, zote zinadai leseni.

Haya, kama bunduki ni ya serikali, basi serikali itulinde. Katikati ya miaka ya 1970 wizi wa ng'ombe na mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi vilizidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Vyombo vya dola vikafanya msako mkali. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi walifia mikononi mwa waliowakamata. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu hiyo, ingawa si yeye aliyewatesa. Mwaka 1985 akawa Rais. Wengi wanakitaja kisa hiki kama somo la uwajibikaji, na ni kweli. Lakini kinatufundisha pia kwamba mwenye silaha ya halali naye ni hatari kama hakuna wa kumuuliza.

Ikaja Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Baada yake silaha zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakaanza kuja usiku na bunduki. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni akiba ya mwaka wa njaa. Ukimwibia zizi umemwibia maisha. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na Nzega, wanakijiji wakajiunda wenyewe. Wakaitwa Sungusungu, jina la wale wadudu weusi wanaoshambulia kwa pamoja. Kiongozi wao waliita ntemi, cheo cha machifu ambao serikali ilikwisha kuwaondoa tangu 1963.

Silaha yao ilikuwa upinde na mishale. Filimbi ikilia, au mwano, yaani yowe la hatari, kila mwanaume alitakiwa atoke. Asiyetoka alitozwa faini au alitengwa: hasalimiwi, hapewi hata moto wa kuwashia jiko. Mwizi mwenye bunduki moja angefanya nini mbele ya vijiji vitano vilivyoziba njia zote? Wizi ulipungua sana, na mtindo huo ukaenea Usukuma na Unyamwezi. Mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata, kama mgambo.

Tungeishia hapo ingekuwa hadithi tamu, lakini haiishii hapo. Sungusungu hao hao waliwageukia wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni zilikuwa shida; mekundu hayo yakafanywa ushahidi. Wako waliofukuzwa, wako waliouawa. Na kuanzia 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kanda hii, eti viungo vyao vinavuta dhahabu. Wauaji walitumia panga. Panga halina leseni, liko nyuma ya kila mlango.

Sasa nawarudia wale wabishi watatu. Hofu yao ni ya kweli. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, una uzio na walinzi. Mnunuzi mdogo wa dhahabu ana mlango wa bati na hela chini ya godoro. Siwezi kumcheka akitamani bastola. Lakini mshale haukuishinda bunduki kwa ukali wake. Kilichoshinda ni jirani kutoka nje. Na bibi yule hakuuawa na mshale peke yake. Aliuawa kwa kuwa, yeye alipopiga yowe, hakuna aliyetoka.

Kwenye nyumba zetu za kupanga mijini tunaishi mlango kwa mlango bila kujuana majina. Mpe kila mmoja bunduki. Usiku mlio ukisikika, tisa watabana komeo, wa kumi atafyatua gizani.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, wazee waliopuliza filimbi zile wanaondoka. Wafuateni mkaandike. Mkimaliza, watafuteni na wale mabibi waliokimbia, nao muwaandike kwenye daftari hilo hilo.