Mafunzo ya Ulinzi wa Bahari: Toka Jeshi la Pamoja hadi Makubaliano ya Djibouti

Ushirikiano wa Afrika Mashariki katika kufunza walinzi wa bahari ni mkongwe kuliko uharamia wa Somalia, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, zikiwa bado chini ya Uingereza, zilikuwa na jeshi moja la majini, Royal East African Navy, lenye makao Mombasa. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, na Kenya ilipounda Jeshi lake la Wanamaji tarehe 12 Desemba 1964, uongozi ulibaki kwa maofisa wa Kiingereza hadi 1972. Kwa kuvunjwa huko eneo lilipoteza zaidi ya meli: lilipoteza mazoea ya kujifunza pamoja.

Pengo hilo lilidhihirika uharamia, yaani utekaji wa meli kwenye bahari kuu, uliposhamiri mwaka 2008. Madhara yake hayakuishia pwani, maana bidhaa nyingi zinazoingia na kutoka nchini Kenya, hata za miji ya bara kama Thika, hupitia bandari ya Mombasa. Tarehe 29 Januari 2009 mataifa tisa, Kenya na Tanzania yakiwemo, yalitia saini Kanuni za Maadili za Djibouti chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, ambazo ziliyataka kupashana habari, kurekebisha sheria zao na kufunza watu wao kwa ushirikiano. Vituo vya kupashana habari viliwekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a, na Djibouti ikapewa kituo cha mafunzo.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuratibu misaada. Japani ilichangia fedha, Umoja wa Ulaya ulianzisha ujumbe wake wa mafunzo ya ulinzi wa bahari mwaka 2012, nayo Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilisaidia mahakama ya Shimo la Tewa huko Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2010 kwa kesi za uharamia. Ofisa anayemkamata mshukiwa bila kujua namna ya kuhifadhi ushahidi huiangusha kesi kabla haijafika kwa hakimu. Kwa hiyo baharia, mpelelezi na mwendesha mashtaka walipaswa kufunzwa kama mnyororo mmoja, si kila mmoja kwa ratiba ya mfadhili wake. Marekebisho ya Jeddah ya mwaka 2017 katika Kanuni za Djibouti yalipanua kazi hiyo hadi uvuvi haramu na usafirishaji haramu wa watu, na mwaka uliofuata Kenya ikaunda Huduma ya Walinzi wa Pwani, ambayo mamlaka yake yanafika hadi Ziwa Victoria.